Pumzi Kwanza: Utangulizi wa Elimu ya Kuhuisha Moyo na Mapafu kwa Wakazi wa Kabanga

Elimu ya kumhuisha mtu ambaye moyo wake umesimama, kwa sura tunayoifundisha leo, ilitimia mwaka 1960. Wazee wengi tunaowapa shikamoo kila asubuhi sokoni Kabanga, hapa wilayani Ngara, mkoani Kagera, kwenye mpaka wa Burundi, wameizidi umri. Ndiyo maana haijapata muda wa kuzama katika mazoea yetu kama ulivyozama ukunga au ufundi wa kuunga mifupa, na ndiyo maana mtu akianguka ghafla mbele ya umati tunampepea, tunammwagia maji, tunamwita kwa jina, halafu tunahangaika kutafuta gari. Wahudumu wa afya huiita CPR. Mimi nitaiita kuhuisha, na ninamwandikia mtu asiye mganga: dereva wa bodaboda, mwalimu wa shule ya msingi, mama lishe, wakala wa forodha, kijana anayepakia mizigo kwenye malori yanayovuka mpaka kwenda Kobero na Bujumbura.

Kazi yenyewe inaelezeka kwa maneno machache. Moyo ukisimama, damu hukoma kutembea, na ubongo, ambao hauna akiba ya hewa, huanza kuharibika katika muda wa dakika 4 hivi. Ukikandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa kasi, damu inasukumwa kwenda kichwani. Ukiachia, moyo unajaa tena. Mikono ya mtu aliyejifunza vizuri hutoa robo hadi theluthi ya damu ambayo moyo mzima ungeisukuma. Ni kiasi kidogo, lakini kinatosha kuuweka ubongo hai kwa muda. Mara nyingi kukandamiza peke yake hakumwamshi mtu. Kunakizuia kifo kidogo mlangoni mpaka msaada mwingine ufike.

Hapo ndipo linapoanzia swali ambalo nimeandika utangulizi huu ili kulijibu: tufundishe nini mahali ambapo msaada huo mwingine hauji upesi? Katika miji ya Ulaya na Marekani, msaada huo mwingine ni mashine ya kuushtua moyo kwa umeme, iliyotundikwa ukutani kwenye kituo cha treni, na gari la wagonjwa linaloitwa kwa simu na kuja upesi. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa na watu wanaoishi katika mazingira hayo. Sisi tunazo hospitali za Murgwanza, Rulenge na Nyamiaga. Zinafanya kazi kubwa, ila ukiwa mpakani, au katika kitongoji cha ndani kati ya Ngara na Biharamulo, hakuna hata moja utakayoifikia ndani ya dakika 4. Tukimfundisha mtu wa Kabanga kana kwamba anakaa Oslo, tutamwandaa kwa vifo vya Oslo.

Moyo husimama kwa njia mbili kubwa. Katika njia ya kwanza moyo wenyewe ndio mgonjwa: mshipa unaoulisha umeziba, mapigo yanavurugika, na mtu anaanguka damu yake ikiwa bado ina hewa ya kutosha. Huyu anahitaji kukandamizwa kifua papo hapo na kushtuliwa kwa umeme, na kila dakika inayopita bila kukandamizwa, nafasi yake ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Katika njia ya pili moyo ni mzima, ila pumzi imekatika. Mtoto amezama. Kichanga amezaliwa na hakulia. Mtu amekabwa na tonge. Hewa inaisha kwenye damu, mapigo yanafifia taratibu, na mwishowe moyo unasimama kwa kukosa hewa. Moyo wa namna hii ukirudishiwa hewa mapema, unaweza kuanza kupiga wenyewe pasipo mashine yoyote.

Nautamka msimamo wangu wazi. Kwa mahali kama Kabanga, njia hii ya pili ndiyo tunayoweza kuishinda kwa mikono mitupu, na mafunzo yetu yaanzie hapo. Mgonjwa wa njia ya kwanza naye tutamkandamiza kifua bila kusita, kwa sababu wapo wanaorudi. Lakini anayejifunza kuhuisha bila kujifunza kutoa pumzi, amejifunza nusu ambayo huku kwetu haitamsaidia sana.

Historia ya fani inaniunga mkono, kwa kuwa fani yenyewe ilizaliwa majini. Mwaka 1740 Akademia ya Sayansi ya Paris ilishauri kwamba waliozama wapuliziwe pumzi mdomo kwa mdomo. Mwaka 1767 wakazi wa Amsterdam, mji wa mifereji, walianzisha chama cha kuwaokoa waliozama, na London ikafuata mwaka 1774. Baadaye ushauri huo uliachwa. Kwa miaka mingi wataalamu walipendelea kuinua mikono ya mgonjwa na kuishusha, au kumlaza kifudifudi na kumbonyeza mgongo, njia ambazo ziliingiza hewa kidogo mno. Ilibidi kungoja miaka ya 1950, ambapo James Elam na Peter Safar, madaktari wa dawa ya usingizi nchini Marekani, walithibitisha kwa vipimo kwamba hewa anayoitoa mtu mapafuni mwake bado ina oksijeni ya kumtosha mwenzake, na kwamba kichwa kikilazwa nyuma na kidevu kikainuliwa, njia ya hewa hufunguka.

Kukandamiza kifua kuligunduliwa bila kukusudiwa. Katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, mhandisi wa umeme William Kouwenhoven na mwanafunzi wake Guy Knickerbocker walikuwa wakijaribu mashine ya kuushtua moyo kwa kutumia mbwa. Knickerbocker akaona kwamba kule kuvikandamiza tu vibamba vya mashine kifuani, kabla umeme haujapita, kulipandisha shinikizo la damu. Wakaungana na daktari wa upasuaji James Jude, na Julai 1960 wakachapisha habari za wagonjwa 20 waliokandamizwa kifua bila kupasuliwa, ambao 14 kati yao walipona. Hesabu hiyo husomwa kwa shangwe, na wengi husahau kwamba baadhi ya wagonjwa hao moyo ulisimama wakiwa hospitalini, chini ya dawa ya usingizi, mbele ya madaktari. Kilichousimamisha moyo kilijulikana na kingeweza kuondolewa. Somo kubwa la makala ile, kwangu mimi, ni hilo: kuhuisha hufaulu pale ambapo sababu inaondoleka.

Wakati huohuo mjini Stavanger, Norway, Åsmund Lærdal, mtengenezaji wa wanasesere ambaye mwanawe mdogo alinusurika kufa maji, alitengeneza mdoli wa ukubwa wa mtu mzima wa kufanyia mazoezi ya kukandamiza na kupuliza. Mamilioni ya watu duniani wamejifunzia mdoli huyo. Miaka 50 baadaye kampuni yake ilitengeneza mdoli mwingine, wa kichanga, na hapo habari hii inaingia Tanzania.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iko Mbulu, mkoani Manyara, mbali na mji wowote mkubwa. Ni huko ambako baadhi ya maarifa bora kabisa duniani kuhusu pumzi ya kwanza ya binadamu yamepatikana, na naona Watanzania wachache mno wanaolijua jambo hili. Watafiti walikaa vyumba vya kujifungulia wakiwa na saa mkononi. Waligundua kwamba kwa kichanga asiyepumua, kila sekunde 30 za kuchelewa kumpa hewa kwa mfuko na barakoa, ule ambao wakunga huuita ambu, ziliongeza hatari ya kifo au ya kulazwa kwa muda mrefu kwa asilimia 16. Kwa hiyo mkunga hufundishwa kwamba dakika ya kwanza ndiyo yenye thamani, na kwamba vichanga karibu wote wasiopumua wanahitaji hewa tu. Katika vichanga wote wanaozaliwa, wanaohitaji kukandamizwa kifua hawafiki mmoja katika mia.

Mpango wa kuwafundisha wakunga kuwasaidia watoto kupumua ulijaribiwa katika hospitali 8 za Tanzania kuanzia mwaka 2009. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013 na kundi lililoongozwa na Dkt. Georgina Msemo wa Wizara ya Afya: vifo vya vichanga ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Mpango huo hauna mashine ya gharama. Una kitambaa cha kumkaushia mtoto, mikono ya kumsugua mgongo, kifaa cha kunyonyea ute, na ambu.

Haydom ilitufundisha jambo jingine ambalo kila mwalimu wa fani hii anapaswa kulibandika ukutani. Wakunga walipopewa mafunzo ya siku moja, walifanya vizuri kwenye mdoli, lakini wodini mambo hayakubadilika. Uongozi ukabadilisha utaratibu: mdoli akawekwa karibu na chumba cha kujifungulia, kila mhudumu akafanya mazoezi ya dakika chache, mara kwa mara, wiki baada ya wiki. Ndipo vifo vikapungua, kutoka 11.1 kwa kila vichanga 1,000 hadi 7.2. Semina ya siku nzima yenye vyeti na picha ya pamoja haiokoi mtu. Mazoezi mafupi yanayorudiwa ndiyo yanayookoa.

Hapa Kabanga, mama anaweza kujifungulia nyumbani kabla usafiri haujafika, au njiani. Ukijikuta hapo, mkaushe mtoto kwa kitenge kikavu, msugue mgongo, mfunike apate joto. Usimning'inize kichwa chini wala usimpige makofi. Asipolia wala kupumua, mlaze chali, kichwa kikae sawa bila kupinda sana nyuma, funika kinywa na pua yake pamoja kwa kinywa chako, na umpe pumzi ndogo ndogo za mashavuni, kifua chake kikionekana kuinuka kidogo. Wakati huo mwenzako apige 115, namba ya bure ya mpango wa m-mama, ambao huwatafutia usafiri wajawazito na vichanga walio katika hatari.

Radi nayo ni jirani yetu wa kudumu. Ukanda huu, kuanzia mashariki ya Kongo mpaka Ziwa Victoria, ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Januari 2025, katika mkoa jirani wa Geita, wanafunzi 7 wa Shule ya Sekondari Businda wilayani Bukombe walikufa kwa radi wakiwa shuleni. Aliyepigwa na radi huogopwa, na wengi hawataki kumgusa. Mwili wake haubaki na umeme wowote. Unaweza kumshika papo hapo, ukishahakikisha wewe mwenyewe hubaki chini ya mti au uwanjani mvua ikiendelea. Na hapa fani yetu ina kanuni inayopingana na mazoea yote ya uokoaji: watu wengi wakipigwa kwa pamoja, anza na yule anayeonekana amekufa. Anayelia na kujishika mguu atasubiri, na kwa kawaida atapona. Yule aliyelala kimya, moyo wake uliosimamishwa na umeme unaweza kurudi wenyewe, lakini sehemu ya ubongo inayoamrisha kupumua hubaki imepooza kwa muda mrefu zaidi. Asipopewa pumzi katika muda huo, moyo uliorudi utasimama tena. Mwalimu anayejua kanuni hii moja tu anaweza kurudisha uhai wa mtoto darasani, na sioni sababu ya shule yoyote ya Ngara kutoifundisha.

Kuhusu maji sihitaji kueleza sana. Tuna mto Ruvubu na mto Kagera inayokutana karibu na Rusumo, tuna mabwawa ya kunyweshea ng'ombe, visima vilivyo wazi, na ndoo nyumbani, ambazo zinatosha kumzamisha mtoto anayetambaa. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi wenye mitumbwi ndio waliotangulia kufika. Watu 24 waliokolewa na 19 walikufa. Ndivyo ilivyo kila mahali: mwokoaji wa kwanza ni yule aliyekuwa karibu. Aliyetolewa majini akiwa hapumui, usimbonyeze tumbo ili atapike maji, wala usimbebe miguu juu. Maji yaliyo tumboni hayamuui. Kukosa hewa ndiko kunakomuua. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua yake, mpe pumzi 5 kwanza, kisha anza kukandamiza kifua.

Mdomo kwa mdomo, katika mkoa wa Kagera? Najua swali hilo linakuja, na ni swali la haki. Virusi vya Marburg vilithibitishwa Bukoba Vijijini Machi 2023, na Januari 2025 vikazuka Biharamulo kwenyewe, ambako watu 10 walikufa kabla mlipuko haujatangazwa kuisha Machi 13. Ugonjwa huo huenezwa na majimaji ya mwili. Kwa hiyo tutofautishe. Mtu ambaye amekuwa akiumwa homa kali, akitapika au kutokwa damu, kisha akaanguka, usimguse. Waweke watu mbali naye, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, na wajulishe wahudumu wa zahanati. Mtu mzima usiyemjua aliyeanguka ghafla akiwa anatembea na afya yake, mkandamize kifua tu bila kupuliza. Chama cha Moyo cha Marekani kiliikubali njia hiyo kwa raia wa kawaida tangu mwaka 2008. Lakini mwanao aliyetoka kuzama mbele ya macho yako, au kichanga wa dada yako, au mwanafunzi aliyekuwa akicheza mpira radi ilipopiga, hao mpe pumzi. Woga wa Marburg usiwaue watoto ambao Marburg haijawagusa.

Sasa mikono. Mwite kwa sauti na umtikise mabega. Asipojibu, tazama kifua kwa sekunde zisizozidi 10. Mtu ambaye moyo umesimama anaweza kukoroma au kufungua kinywa mara moja moja kama samaki aliyetolewa majini. Hiyo si pumzi, na wengi wameachwa wafe kwa kudhaniwa kuwa bado wanahema. Kifafa ni tofauti: degedege hupita, mtu akabaki anapumua, naye unamlaza ubavu. Asiyepumua mtoe kitandani au kwenye godoro, mlaze chali kwenye sakafu au ardhi ngumu. Weka sehemu ya chini ya kiganja katikati ya kifua, juu ya nusu ya chini ya mfupa wa kidari, kiganja cha pili juu yake, viwiko vikiwa vimenyooka, na mabega yako yawe juu ya mikono. Kandamiza kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde, na kila mara uache kifua kiinuke chote. Kwa mtoto, kina ni theluthi ya kifua chake, na kiganja kimoja hutosha. Kwa wale unaowapa pumzi, baada ya mikandamizo 30 toa pumzi 2, kisha endelea. Kazi hii inachosha kuliko kulima, kwa hiyo mpokezane kila dakika 2.

Na tafadhali usikimbilie kumpakia. Nimesema tunahangaika kutafuta gari. Gari lina wakati wake, lakini juu ya pikipiki au nyuma ya pikapu hakuna anayeweza kumkandamiza mtu sawasawa. Dakika za kwanza ni za pale alipoangukia. Wawili wahuishe, wa tatu ndiye atafute usafiri.

Hofu zilizobaki nitazijibu kwa ufupi. Utavunja ubavu? Huenda, kwa mtu mzima hutokea mara nyingi, na ubavu huunga. Utamdhuru ambaye moyo wake ulikuwa unapiga? Madhara ni madogo sana, na atakuonyesha kwa kusukuma mikono yako. Atakufa mikononi mwako? Asiyepumua na asiye na mapigo amekwisha kufa. Hakuna utakalomfanyia litakalomweka mahali pabaya zaidi. Uache lini? Anapoanza kupumua, anapofika mhudumu wa kukupokea, au nguvu zenu zinapokwisha. Wengi hawatarudi, hata mkifanya kila kitu kwa usahihi, na familia iambiwe hivyo kwa upole, ijue kwamba ndugu yao alipiganiwa.

Kinachohitajika ili kuanza si kikubwa. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, ambacho wazee wa Ngara wanakikumbuka kwa kazi yake katika kambi ya wakimbizi ya Benaco mwaka 1994, hufundisha huduma ya kwanza. Kwenye zahanati kuna wauguzi na wakunga waliowahi kushika ambu. Mdoli asipopatikana, mfuko uliojazwa nguo, chupa tupu ya plastiki ikiwekwa mahali pa kidari, utaifundisha mikono kina na kasi.

Nawaomba walimu wakuu, wenyeviti wa vijiji na viongozi wa vijiwe vya bodaboda wa Kabanga: mwendeeni mganga mfawidhi wa zahanati iliyo karibu nanyi, mwombeni mtu wa kuwafundisha, na tengeni dakika 5 kila wiki za kurudia, kabla mvua za vuli hazijaanza kunyesha na radi zake.